Mkono Kwenye Gunia la Mkwe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Msimu umefunguliwa! Agizo la serikali ni lilelile: pamba yote ipitie chama cha msingi, hakuna kumuuzia mchuuzi njiani. Mimi ndiye karani wa mizani. Mwenye gunia analishika mdomo, mimi natia mkono mpaka kiwiko, natafuta maji na mchanga, kisha naandika safi au fifi, yaani chafu. Leo Flora, yule mjane jirani yetu, kaleta mawili. Meupe, makavu. Nimefurahi mpaka basi.

Alhamisi, 12 Juni

Baba mkwe, Mzee Magesa, kaleta magunia manne. Sikutia mkono. Ningeutiaje? Mkamwana hamtazami mkwe wake usoni, hata kikombe hapokei mkononi mwake. Leo nichokonoe gunia alilolishika, mbele ya kijiji kizima! Nikaandika safi, macho chini.

Mazito, lakini. Mazito mno.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa nikamuuliza mama mkwe, kwa kuzunguka. Akacheka. Mzee ananyunyiziaga maji, na mchanga kidogo, tangu enzi za wachuuzi. "Mizani yao ilikuwaga inatuibia, na sisi tulikuwaga tunajirudishia."

Lakini mizani ya sasa haiibi! Naipima mwenyewe kila asubuhi kwa jiwe la kilo ishirini. Ugonjwa ulishapona, mzee bado anakunywa dawa. Nimekasirika. Na naogopa.

Jumanne, 17 Juni

Balaa! Kiwandani wamekuta mchanga kwenye lori letu. Kituo chetu cha kununulia kimefungwa.

Afisa wa wilaya kasema mnunuzi akikuta mchanga kwenye gunia moja anashusha bei ya yote, maana hawezi kujua lipi ni lipi. Ndiyo maana kinaadhibiwa kituo kizima. Flora akasimama: kama msafi na mchafu wanachapwa fimbo moja, mwakani aumie mgongo kuchambua kwa faida gani? Bora alime choroko. Afisa akajifanya anasoma makaratasi.

Mwenyekiti wa chama, Benjamini, akaniuliza, mbele ya wote, kama nilikagua kila gunia. Nikasema ndiyo.

Ndiyo! Ulimi gani huu nilionao?

Alhamisi, 19 Juni

Watafungua kesho, kwa sharti. Pamba iliyobaki majumbani ikaguliwe hadharani kwa mkono wa karani, afisa akiwa pembeni. Gunia moja likikutwa na mchanga, tunafungwa mpaka msimu uishe. Nimemtuma mama mkwe amwambie mzee aimwage yote, aianike upya. Karudi, kaenda moja kwa moja jikoni. Amos, mume wangu, yuko Buhemba machimboni, simu haipatikani.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika hapa mizanini, nyuma ya kitabu cha risiti. Afisa anaongea na simu. Foleni imefika barabarani. Flora amepita, yote matatu safi, lakini hajaondoka. Amesimama pale na watoto wake, anangoja kujua kama kituo kitabaki wazi.

Anayefuata ni Mzee Magesa. Magunia mawili. Sijui yana nini.

Natamani mzee angenituma popote, hata kisimani, nisikae hapa mizanini. Kalifungua la kwanza, kalishika mdomo, kisha kageuzia uso ukutani ili nisimtazame.

"Mama Brian," kasema, "tia mkono."

Miaka tisa ya ndoa, hajawahi kuniita! Afisa amekata simu, anakuja. Nimekunja mkono wa blauzi mpaka juu ya kiwiko.