Kashata na Kiganja cha Baba Salma

Jumamosi, Novemba 1998
Gaithersburg

Baridi ya leo imening'ata masikio tangu asubuhi. Jua lipo, lakini ni jua la kutazama tu. Suruali ina matope yasiyotoka kwa sabuni, sauti imekauka kwa kuita, na nina furaha ya kijinga inayonifanya nicheke peke yangu jikoni.

Leo Kashata ameanza kazi.

Kwa anayefungua ukurasa huu wa intaneti kwa mara ya kwanza: Kashata ni mbwa. Mweupe mwenye mabaka ya kahawia, masikio marefu yanayoingia kwenye bakuli la maji kabla ya mdomo. Ni wa ukoo wa mbwa wanaoibua ndege vichakani, kisha ndege akipigwa wanamfuata na kumletea mwindaji mkononi. Nilipewa na Mutua, Mkamba wa Machakos, nesi wa Rockville, mtu anayeongea kwa utani hata msibani. Mbwa wake alizaa, akaniambia nije nitazame tu. Nikatazama. Nikarudi nyumbani na mtoto wa mbwa ndani ya koti.

Nilipompigia mama yangu Tanga kumwambia, alinitaka nirudie neno mbwa mara mbili. Kisha akauliza kama Baba Salma ni mzima.

Baba Salma, mume wangu, alikuwa mzima sana. Hakupiga kelele, maana si mtu wa kelele. Alisoma vitabu vyake siku mbili tatu, akaja na hukumu. Mbwa wa kukaa naye tu kwa mapenzi, ndani ya nyumba anamoswalia, hapana. Mbwa wa kuwinda, ruhusa ipo. Lakini mbwa wa kuwinda si yeyote mwenye pua. Ni yule aliyefunzwa: akitumwa anakwenda, akizuiwa anasimama, akikamata hamli. Akasema msimu ukifika atakuja shambani kumwona kwa macho yake mwenyewe. Akifaulu, abaki. Akishindwa, yuko mtu wa Virginia, mfanyakazi mwenza wa Mutua, anayemtaka tangu alipokuwa mdogo.

Nilikubali haraka. Nilikuwa na hakika na mbwa wangu, na zaidi nilikuwa na hakika na mimi.

Basi majira yote ya joto tukafanya kazi. Nilianza na masufuria. Kashata akila chini kwenye chumba cha kufulia, mimi niko juu ya ngazi nagonga mfuniko kwa mwiko, taratibu, kila wiki nashuka ngazi kidogo. Lengo ni masikio yake yajue kwamba kishindo na chakula ni ndugu, ili siku akisikia bunduki asikimbilie chini ya gari. Salma, binti yetu, alinisihi kwa Kiingereza niache, maana marafiki zake wanasikia. Sikuacha. Baada ya masufuria Mutua akatupeleka shambani, akawa anapiga risasi moja huko mbali wakati Kashata anakimbizana na harufu, na kila tulipokwenda alisogea. Mwisho alipiga karibu nasi, na Kashata akainua kichwa kama mtu anayeuliza nani amegonga hodi.

Kuleta nako alijifunza upesi. Nilifunga mabawa ya kwale kwenye furushi la turubai, nikarusha, akaleta. Nikaficha, akatafuta, akaleta. Alikuwa akiniwekea mkononi laini kabisa, bila kutafuna. Nikipuliza filimbi mara moja, anakaa. Nilimwambia Mutua kwamba huyu hana dosari. Akacheka akasema mbwa wote hawana dosari mpaka siku ya ndege wa kweli.

Kitu kimoja sikukifanya. Sikumfundisha hata mara moja mbele ya Baba Salma. Yeye Jumamosi zake ni msikitini na dukani, na mimi sikutaka mtahini aone mazoezi.

Nakiri jambo: leo alfajiri nilimwombea mbwa dua. Sijui kama inafaa. Niliomba kwa sauti ndogo.

Tulitoka watatu na Kashata. Mutua na bunduki yake ya marisau mbele kwenye pikapu, sisi nyuma yake kwa gari letu, barabara ya 270 ikiwa tupu, jambo la nadra. Baba Salma alikuwa amevaa koti safi la kuendea kazini na kofia yake, na kwenye sanduku la gari aliweka kisu alichokinoa jana, dumu la maji, na dira ya kutafutia kibla. Alisema njia nzima jambo moja tu, na alilisema kwa upole. Ndege akifika hai mikononi mwetu atamchinja mwenyewe, na hapo hakuna mjadala. Ndege akifia njiani, au akifika na alama ya kuliwa, hatamla. Na jibu la Kashata litakuwa limepatikana.

Shamba liko mbele ya Gaithersburg, kule nyumba zinapokwisha. Nyasi zilikuwa zimesimama zimekauka, na umande umeganda juu yake. Mwenye shamba hufuga kwale na kuwaachia vichakani, na Mutua humlipa kuingia. Mimi nilisimama katikati, Mutua kushoto kwangu, Baba Salma kulia, karibu kabisa, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

Nikasema bismillah, nikamtuma.

Ee, laiti mngemwona. Alikata nyasi kwenda kushoto, akakata kurudi kulia, mkia unazunguka, pua chini. Kwenye kichaka cha miiba mkia ukabadilika, ukawa unakwenda mbio kuliko mbwa mwenyewe. Kwale akatoka kwa kishindo. Kashata akakaa, bila hata filimbi. Mutua akapiga. Ndege akaguswa bawa, akaanguka mbali akiwa hai. Na Kashata bado amekaa, anatetemeka mwili mzima, ananingoja mimi. Nilimtupia Baba Salma jicho. Alikuwa ameinua nyusi.

Nikamtuma tena. Akaenda moja kwa moja, akamwokota, akageuka, akaja mbio huku kichwa juu. Nilikwisha kunyoosha mikono.

Akasimama.

Urefu wa gari kutoka tulipo, akasimama, akalala kifudifudi, akamtema kwale nyasini. Kwale hakungoja kuambiwa. Alishika mbio kwa miguu, bawa linaburuta, akaingia kwenye miiba. Kashata alimtazama akienda, akatutazama sisi, na hakunyanyuka.

Mutua akajikuna shingo. Akasema taratibu kwamba wengi wanakosea siku ya kwanza, lakini hakunitania, na Mutua asipokutania ujue mambo ni mabaya. Nilijua anachohesabu Baba Salma kichwani. Akitumwa anakwenda, sawa. Kuleta, hapana.

Sikuwa tayari kushindwa kwa ndege mmoja. Nikamwonyesha miiba, nikamtuma tafuta. Akaingia mle, tukasikia matawi yanavunjika, kimya, matawi tena. Akatoka na kwale yule yule mdomoni, miiba kwenye masikio, damu kidogo puani, yake mwenyewe. Ndege yu hai, shingo inageuka huku na huku. Safari hii Kashata alikuwa amejifunza. Hamwachii.

Na akalala tena pale pale, urefu wa gari.

Niliita. Nilipuliza filimbi ya kuja. Nilipiga mapaja, nikachuchumaa, nikamwita kwa sauti ninayoitumia nikiwa na mfupa. Alitikisa mkia mpaka majani yakaruka, akalia puani, akasogeza kidevu kidogo, akakirudisha. Ndege alikuwa anachoka. Nilimwona macho yanaanza kufumba.

"Dada, si uende tu ukachukue," Mutua akasema. "Hako kambwa kame-freeze. Ndege itakufa hapo."

Ningeweza kwenda. Lakini mbwa anayefuatwa leo atafuatwa siku zote, na mtahini alikuwa kando yangu. Nikatulia, nikamtazama vizuri Kashata, na ndipo nilipoona kwamba macho yake hayakuwa kwangu.

Yalikuwa kwa Baba Salma. Nikageuka. Mume wangu alikuwa amesimama na mkono wa kulia umeinuliwa mbele ya kifua, kiganja wazi, na mwenyewe hana habari.

Huo mkono naujua. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo, ndipo uswali. Kwa hiyo kila siku, Baba Salma akitoka kutawadha kwenye bafu la chini kwenda kwenye mswala wake, na Kashata akija kumsalimu na ule mdomo uliolowa, yeye huinua kiganja na kusema "hapo hapo." Hajampiga hata siku moja. Anainua kiganja tu, mara tano kwa siku, tangu mbwa yule ni mdogo wa kubebwa kwenye koti. Na Kashata hulala chini, urefu ule ule, anangoja mpaka apite. Mimi nilihangaika na filimbi na masufuria majira yote, kumbe mwalimu mkubwa alikuwa anapita sebuleni na kanzu yake.

Mbwa wangu hakuwa amegoma. Alikuwa anatii. Alikuwa na ndege hai mdomoni, njaa ya asubuhi tumboni, mimi namwita kwa filimbi, na bado anatii.

"Baba Salma," nikamwambia, "umemzuia, naye amezuilika. Mwite wewe."

Alishtuka, akautazama mkono wake kama umekuja na mtu mwingine. Akaushusha. Kashata hakusogea, maana kule nyumbani kiganja kikishuka bado hujapewa ruhusa. Baba Salma akanitazama, akatazama koti lake, akatazama ndege. Alikuwa anajua vizuri mdomo ule utafikia wapi. Mimi nikarudi hatua nyuma. Kuna mambo ukimsukuma mume unayaharibu.

Akachuchumaa. Mtu ambaye tangu mbwa yule aingie nyumbani hukunja pindo akimwona, alichuchumaa kwenye matope na kunyoosha mikono yote miwili.

"Njoo," akasema. Kisha, kwa sauti ambayo nadhani hakukusudia tuisikie, "Njoo, mwanangu, lete."

Kashata alinyanyuka. Alinipita mimi kama mti. Akaenda mpaka kwake, akaketi mbele ya magoti yake, akamwekea kwale kwenye viganja taratibu, akaachia. Ndege akapiga bawa moja. Baba Salma alimgeuza, akapekua manyoya ya kifua, ya mgongo, chini ya mabawa. Hapakuwa na alama ya jino hata moja. Vidole vyake vilikuwa vinang'aa kwa mate.

Nilimpenda yule bwana pale kwenye matope kuliko siku aliyonioa, na siku ile nilikuwa nimempenda sana.

Alichinja akielekea kibla. Halafu akachota udongo pale pale, nikamwagia maji ya dumu, akaosha mikono kwa utaratibu wake wote bila kuruka hata mara moja. Mutua akamuuliza kama akishika tena itabidi aanze upya.

"Upya," Baba Salma akajibu. "Maji yapo."

Na alishika tena. Kashata aliibua wengine wawili kabla ya adhuhuri, na wote wawili aliwaleta wakiwa hai, bila kusita, kwa mtu mmoja. Wa tatu nilijaribu kumdai. Nilijitokeza mbele, nikanyoosha mikono, nikapuliza filimbi. Alinizunguka kwa heshima zote na kwenda kwa Baba Salma. Mutua alicheka mpaka akaiweka bunduki chini. "Ustadh amekunyang'anya kadogi, live live," akasema, na utani wake ukawa umerudi wote.

Tukiwa njiani kurudi, Baba Salma aliendesha mpaka tulipokaribia nyumbani. Kisha akasema mtu wa Virginia aambiwe atafute mbwa mwingine. Alisema hivyo tu, akauliza kama nazi tunayo, maana kwale wale wanafaa kuchomwa na kupakwa tui. Nilitazama dirishani kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka kuyaeleza.

Sasa wameliwa, vyombo vimeoshwa, Salma amekula mapaja mawili na kusema ni kuku tu. Kashata amelala chini na miiba yote nimemtoa. Nipo mbele ya kompyuta na wivu kidogo, nakiri hilo nalo. Nimemfundisha mbwa tangu majira ya joto, na nimemfundishia mtu mwingine. Najiuliza kama nianze kumrudisha kwangu, nifanye mazoezi mapya, nimwambie Baba Salma asimame mbali.

Sitafanya hivyo. Mbwa amekwisha kuchagua wa kumletea, na aliyechaguliwa amekwisha kuninong'oneza anataka viatu vya mpira vya shambani. Jumatatu nampigia Mutua anitafutie darasa la uwindaji. Baba Salma atapokea ndege. Mimi nitashika bunduki.