Malkia Aliyekufa Mapema

Chuo cha Ualimu, Bungoma
13 Februari 2005

Baba mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe, Mama na mdogo wangu Wanyoike. Mimi ni mzima, ila vumbi la Bungoma limenipa kikohozi kidogo. Mgongo wako je? Na yule ng'ombe mweusi, alizaa salama?

Baba, jana mwalimu wetu wa Kiingereza, Bwana Wepukhulu, alituonyesha filamu ukumbini. Muziki ulipoanza tu nikajua ni ile yetu, ya mfalme aliyechomoa upanga kwenye jiwe. Si unakumbuka? Nilikuwa na miaka minane. Ulikuwa umenunua deki na televisheni ndogo, unaviwasha kwa betri ya gari, majirani wamejaa sebuleni, na wewe umesimama kando ukitutafsiria kwa sababu Mama hasikii Kiingereza. Mama alilia siku ya arusi ya mfalme na malkia. Baadaye ukasema deki imeumeza mkanda, nikalia mimi.

Lakini ulitudanganya, bana! Yule kijana mwenye vazi la dhahabu, uliyetuambia ni adui kutoka nchi jirani, kumbe ni mtoto wa mfalme mwenyewe. Mfalme alizaa nje, akanyamaza, na mtoto akarudi na hasira yake. Kila mara kijana akitokea ulikuwa unabonyeza mkanda uende mbio. Nilicheka peke yangu pale ukumbini.

Na si mimi tu. Kuna msichana wa mwaka wa kwanza, kwao ni Kamukuywa, anaitwa Nasimiyu. Mwalimu alipouliza habari za malkia, akasimama akasema yule tuliyemwona mwishoni si malkia, malkia alikufa mapema akijifungua. Ukumbi mzima ukacheka, maana tulikuwa tumemwona malkia mpaka mwisho. Akasema baba yake ndiye alimtafsiria hivyo nyumbani. Nilimhurumia, nikamwambia hata wangu ni hivyo hivyo. Sasa ni rafiki yangu.

Mwambie Mama nitamsimulia yote nikija.

Mwanao,
Nyaruai


Kitale
27 Februari 2005

Maitu wangu,

Mimi baba yako ni mzima kwa neema ya Mungu. Mgongo uko vile vile. Ng'ombe alizaa ndama jike. Wanyoike anakusalimu, anasema umletee miwa.

Barua yako niliisoma. Hiyo filamu ni ya zamani sana, na Kiingereza changu ni cha darasa la saba, kwa hivyo mengine niliyabahatisha. Tena mambo ya kuzaa nje si ya kuambia mtoto wa miaka minane mbele ya majirani wa kanisa. Usimsumbue Mama na hadithi hizo.

Umetaja msichana wa Kamukuywa. Watu wa huko mimi nawauzia majembe na mapanga kila siku ya soko, nawajua. Ni wazuri, lakini wanapenda kuchimba habari za mtu. Usimkaribie sana huyo msichana, wala usimwambie mambo ya kwetu. Hukwenda huko kutafuta marafiki.

Na barua zako uzitume kwa sanduku la duka langu. Zile za sanduku la kanisa zinachelewa.

Soma kwa bidii. Wewe ndiwe mama yangu, Maitu mwenye jina lake, unajua.

Baba yako,
Muigai


Chuo cha Ualimu, Bungoma
6 Machi 2005

Baba,

Natumaini mko salama. Mimi afya ninayo.

Sikukutii. Nasimiyu alishikwa na malaria na hakuwa na mtu wa kumpelekea uji, nikampelekea mimi. Ukutani juu ya kitanda chake kuna picha ya siku ya kipaimara chake. Amesimama katikati, kushoto ni mama yake, kulia ni mwanamume aliyevaa sweta ya kijani, uso umefifia kwa jua. Hiyo sweta ina mifuko miwili na mmoja umeshuka kuliko mwenzake. Mama alipoifuma alikosea hesabu, akakataa kuifumua, akasema wewe huwezi kuona tofauti. Nilikuwa nimekaa pale pale nikimshikia uzi.

Nikamuuliza Nasimiyu, "Huyu ni nani?"

Akasema, "Ni baba yangu. Ana biashara Kitale, huwa anakuja siku za soko."

Akaniambia pia kwamba hapa chuoni anajulikana kwa jina la upande wa mama yake, lakini baba yake alimpa jina la nyanya yake wa Kikuyu, kwa hivyo akiwa nyumbani anamwita Maitu. Aliniuliza kama nalijua hilo neno, kwa sababu mimi ni Mkikuyu. Nikamwambia nalijua.

Mkanda ule wa filamu uko kwao, Baba. Deki haikuumeza.

Sijamwambia kitu. Nimekuja kwako kwanza kwa sababu wewe ndiye baba yangu. Kama nimekosea, niambie nimekosea, nami nitakuomba msamaha kwa magoti.

Mwanao,
Nyaruai


Chuo cha Ualimu, Bungoma
24 Machi 2005

Baba,

Leo salamu ni fupi. Mimi niko.

Majuma mawili na zaidi nimekuwa nikienda ofisini kuuliza barua. Yangu haikuja. Ya Nasimiyu imekuja.

Kumbe alikuwa amekuandikia ya kwake, bila kujua, kukueleza kwamba amepata rafiki wa Kitale anayeitwa Nyaruai Muigai, na kukuuliza kama ni watu wa kwenu. Jana alinijia mbio na jibu lako mkononi, amefurahi, akanisomea. Umemwandikia kwamba mimi ni binti wa marehemu kaka yako wa Subukia, na kwamba unanisaidia karo, ndiyo maana natumia jina lako. Umemkumbusha kwamba wewe huna mtoto mwingine, kwa sababu mke wako wa kwanza alikufa akijifungua mwaka wa 1984 na mtoto akaenda naye.

Alipomaliza akanikumbatia akaniita dada.

Mimi nilizaliwa mwaka wa 1984, Baba.

Nilitoka nikaketi kwenye ngazi za bweni. Nasimiyu akanifuata, akidhani nimemkumbuka marehemu baba yangu. Basi nikamwambia. Alikataa, akanitukana hata, akasema namwonea wivu. Nikaenda sandukuni nikamletea barua yako ya Februari. Aliziweka barua mbili magotini, akaangalia mwandiko, akaangalia tena. Kisha akasema polepole, "Mama yangu anamwombea mama yako kila mwaka." Tangu hapo hajala chakula cha maana.

Sasa najua kwa nini malkia wa Kamukuywa alikufa mapema. Haikuwa Kiingereza cha darasa la saba. Ulijua kila neno.

Nyaruai


Kitale
2 Aprili 2005

Maitu,

Sijui nikusalimu vipi. Nimeandika karatasi tatu nikazichana.

Ni kweli. Mwaka wa 1985 nilikuwa nikipeleka majembe Kamukuywa, na Nabwile alikuwa na kihoteli cha chai karibu na soko. Alikuwa mtu wa kanisa, mwenye heshima zake. Aliniuliza kama nina mke. Nilijua nikisema ninaye hatanikaribisha tena hata kwa chai. Neno likanitoka kwamba alikufa, na mtoto pia. Nililisema jioni moja tu, nikidhani juma lijalo nitalirekebisha. Lakini juma lililofuata alinipokea kama mtu aliyefiwa, akanipikia kuku, akalia kwa ajili yangu. Ningesema nini? Miaka ishirini nimekuwa nikitafuta lile juma lijalo. Kila mwezi wa Novemba Nabwile huwasha mshumaa kanisani kwa ajili ya Mama yako na wewe, na mimi nasimama kando yake.

Sikumwambia Nasimiyu ukweli kwa sababu niliogopa. Niliona nikikuita mtoto wa kaka yangu, angalau mtapendana.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie Mama. Niache nimwambie mwenyewe kwa kinywa changu. Nipe mpaka mfunge chuo. Ukifika nyumbani utakuta nimekwisha kusema.

Mimi ni baba yako hata nikiwa mbaya.

Muigai


Nyumbani, Kitale
26 Aprili 2005

Baba,

Barua hii nampa mtu wa Ndalu akuletee mkononi. Sisi hapa ni wazima. Mvua imenyesha vizuri na mahindi yameota.

Nilifika tarehe kumi na tano. Mama alinipokea akiimba. Akaniambia wewe umekwenda Ndalu kufungua tawi la duka na utakaa majuma kadhaa. Nikamtazama usoni, nikajua hukusema kitu. Siku nne nilikungoja. Nilikuwa nikisikia mbwa akibweka natoka nje. Usiseme sikukungoja.

Siku ya tano tulikuwa jikoni tukichagua maharagwe. Nikamwambia yote, tangu filamu mpaka barua zako mbili. Hakusimamisha mkono. Alichagua mpaka uteo ukaisha, akapepeta makapi, akamimina maharagwe kwenye sufuria. Kisha akauliza neno moja tu: "Huyo mwanamke anajua niko hai?"

Nikamwambia bado hajui, Nasimiyu alishindwa kumwambia.

Asubuhi alivaa nguo zake za Chama cha Akina Mama na kitambaa cheupe. Akaniambia twende. Njia nzima alipakata mkoba wake magotini. Pale Kamukuywa, Nasimiyu alituona tukishuka akaziba mdomo kwa mkono. Mama akamsalimu kwa kumshika bega, akaingia hotelini, akaketi, akaagiza chai. Mama Nasimiyu mwenyewe ndiye alileta. Mama akainywa yote. Akasema chai yako ni nzuri. Halafu akasema:

"Mimi naitwa Wangui. Mimi ndiye yule marehemu wa Muigai."

Mama Nasimiyu alisimama na birika mkononi. Alidhani Mama ni mgonjwa wa akili. Mama akatoa picha yenu ya arusi kwenye mkoba, akaiweka mezani, karibu na kikombe. Mama Nasimiyu akatua birika, akaja akamgusa Mama mkono, hapa juu ya kiwiko, vile mtu anavyogusa nguo kujua kama imekauka. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na mtoto?"

Mama akanionyesha kwa kidole. "Huyu hapa."

Baba, yule mama alipiga magoti sakafuni, mbele ya wateja wake. Hakulia kwa sababu yako. Alikuwa anamwomba Mama msamaha kwa miaka ishirini ya kumzika. Mama naye akashuka chini akaketi naye. Nilikuwa sijawahi kumwona Mama akiketi sakafuni kwa watu. Watu wakalipa chai zao wakaondoka bila kuulizwa.

Hawakugombana. Kama ulitegemea wagombane ili wewe uwe wa kuamua, hawakugombana.

Nguo zako za Kamukuywa ziko kwenye gunia nyuma ya hoteli. Za hapa, Mama amezipeleka dukani mwenyewe kwa mkokoteni. Ameniambia nikuandikie hayo tu. Haya mengine nimeongeza mimi.

Nyaruai


Ndalu
15 Mei 2005

Kwa mwanangu Nyaruai,

Natumaini umerudi chuoni salama. Mimi afya yangu si nzuri, mgongo unanisumbua, na chumba nilichokodi kinavuja.

Nilikwenda Kamukuywa, Nabwile akanipa gunia, akarudi kuhudumia wateja. Nilikuja nyumbani Jumapili, nikamkuta Wanyoike langoni. Aliniambia, "Mama amesema unaweza kunisalimia hapa." Mtoto wangu mwenyewe, ananisimamisha langoni kama mtu anayeuza dawa za kunguni. Nikamsalimia nikarudi.

Ungeningoja, mwanangu. Ungeningoja siku mbili tatu zaidi ningelisema. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno. Mzee wa kanisa angeandamana nami, tungeketi kwa utaratibu. Wewe ulimwaga kila kitu jikoni kama maji ya vyombo.

Lakini sikulaumu. Nakuomba uzungumze na Mama. Wewe ndiwe anayekusikiliza. Mwambie sikuacha hata siku moja kulisha nyumba yangu. Mwambie nilimpenda siku zote, na lile neno la kufa lilikuwa neno tu.

Na wewe pia uniandikie hata mstari mmoja, nijue bado nina binti.

Baba yako,
Muigai


Ndalu
10 Julai 2005

Nyaruai,

Sijui kama barua yangu ya Mei ilifika. Natumaini u mzima na unajiandaa kwa mtihani. Nilisikia kwa Wanyoike kwamba Nasimiyu alikuja Kitale likizo ile mkalima pamoja. Nilifurahi. Nikatamani kuwaona mkiwa shambani.

Nijibu, hata kama ni kunigombeza.

Baba yako


Nyumbani, Kitale
4 Septemba 2005

Baba,

Pole kwa mgongo. Tafuta ile dawa ya kuchua uliyokuwa ukitumia, na usilale kwenye godoro la sponji.

Barua zako zote mbili zilifika. Nilikawia kwa sababu ya mtihani, na kwa sababu nilitaka kwanza kuongea na Mama. Mtihani nimemaliza.

Nilizungumza na Mama kama ulivyoniomba. Nilimsomea barua yako yote, hata pale pa maji ya vyombo. Alisikiliza akasema utakuja mbele ya wazee mwezi wa kumi na mbili, na Mama Nasimiyu ameitwa pia, na useme mbele yao wote wawili siku moja. Hataki ujumbe mwingine kabla ya hapo. Uende, Baba. Usitoroke tena Ndalu ukaingia kwingine.

Sasa haya ni yangu. Watu hapa wanadhani nimeudhika kwa sababu una mke mwingine. Wababa wengi wana wake wengine, ningelia nikanyamaza. Hata Nasimiyu nampenda, ndiye kitu kizuri nilichopata katika mambo haya. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba kila Novemba ulisimama kanisani, ukamwona mtu akiniwashia mshumaa, na ukarudi nyumbani kesho yake ukaniletea ndizi. Nazikumbuka hizo ndizi. Nilikuwa nikikungoja barabarani.

Unasema lilikuwa neno tu. Na ulipomwandikia Nasimiyu mwezi wa tatu, nilikuwa nimekwisha kukuuliza kwa barua, kwa heshima, kwa jina la baba. Ulikuwa na barua mbili mezani, za mabinti wawili. Ukachagua kuijibu moja, na ndani yake ukanizika mara ya pili ukiwa mtu mzima, bila mtu kukuharakisha. Hapo ndipo ninaposhindwa kupita. Nimejaribu kukutafutia udhuru, sijaupata.

Tunasubiri kupangiwa shule. Nikipangiwa sitakutumia anwani, na nimemwomba Wanyoike asikupe. Siku nikiweza kukaa nawe bila kutetemeka, nitakuja mwenyewe. Itakuwa mwaka huu au mingine ijayo, sijui. Usinitafute kabla ya hapo.

Kula vizuri.

Mwanao,
Nyaruai