Rhobi Anakuja Kumchukua Mtoto, na Bilinganya Zangu Hazikauki

Dada Agness, pokea salamu kutoka Kerende. Nakusikilizaga redioni ukiwajibu watu na nilikuwa nasema hawa watu hawana aibu, mambo ya ndani wanayaanika nje, leo na mimi nimeshika kalamu, naomba unisaidie kabla ya Jumapili kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Mimi ni mama mtu mzima, mume wangu alifariki zamani, mabinti wangu wameolewa mbali na mtoto wa kiume sikujaliwa, kwa hiyo nikafanya kama mila yetu ya Kikurya inavyoruhusu, nikatoa ng'ombe nikaoa binti wa kunizalia watoto wa nyumba yangu, ndiyo hiyo tunaitaga nyumba ntobhu, na binti mwenyewe ni Rhobi. Wengine wakioa hivyo wanapata mtumishi, mimi nilipata mtu. Aliniita mama na akaniita kwa moyo, akazaa mtoto wa kike, Veronika, ambaye sasa anatakiwa kuanza darasa la kwanza, na mvua ikinyesha tulikuwa tunalala wote watatu chumba kimoja, mimi na Rhobi tunaongea mpaka mtoto anatuambia nyamazeni nyie.

Baadaye Rhobi akapata kazi ya jikoni kwenye kambi moja ya watalii kule Serengeti, akija likizo anatuletea hadithi na vitu, na likizo moja akaja amebeba jiko la umeme la kukaangia kwa upepo wa moto, wenyewe wanaliita air fryer, kule walikuwa wanabadilisha vyombo wakamgawia. Nikamuuliza hii ni redio au ni birika, akacheka mpaka akakaa chini. Akachuma bilinganya za bustani yetu, ambazo mimi tangu nizaliwe nazijua za mchuzi tu, akazikata, akazitia humo, zikatoka za njano, kavu, na kabla sijaonja akavunja kipande karibu na sikio langu akasema, "Mama, sikia hiyo." Dada, mpaka leo naisikia.

Kisha akaniambia bila kunificha, "Mama, nimempenda mtu. Anaitwa Emanuel, ni dereva wa watalii, ni mtu wa Nata." Tangu mavuno yaliyopita anaishi naye Mugumu, mtoto ameniachia, na wiki hii amepiga simu kwamba Emanuel amepata kazi Karatu, wanahamia huko, na Jumapili baada ya ibada watakuja wote wawili kumchukua Veronika akaanze shule. Nikasema karibuni. Ningesema nini tena? Akauliza, "Mama, utanikaangia bilinganya?" Nikasema ndiyo, na hilo jiko sijawahi hata kuliwasha mwenyewe.

Sasa shemeji yangu Nchagwa, mdogo wa marehemu, ameapa mtoto haendi popote. Anasema, "Ng'ombe walitoka hapa, mtoto ni wa hapa. Jumamosi nampeleka Nyambureti kwa dada yangu. Rhobi akimkosa mtoto atabaki mwenyewe." Nilinyamaza, na yeye akauchukua ukimya wangu kuwa nimekubali, na ukweli, dada, moyo wangu ulifurahi, nikamwona Rhobi amekaa tena kwenye kiti chake jikoni. Halafu Veronika akaniuliza, "Bibi, na wewe utakuja Karatu?" nikamtuma akalete kuni.

Jana nimejaribu zile bilinganya, nikazikata, nikazitia chumvi kama nilivyomwona Rhobi, nikaziosha, nikajaza kile kikapu cha jiko mpaka juu, zilipotoka nikaziweka kwenye hotpoti zisipoe, nilipofunua zimelegea kama tambara la kudekia. Veronika akala moja kwa adabu akasema, "Ni nzuri, bibi, ila siyo za mama." Nikamwambia naenda kufunga mbuzi, na mbuzi nilikuwa nimeshawafunga.

Niambie, nikimwacha Nchagwa amfiche mtoto nitakuwa nimekosa? Na hizo bilinganya zinakaukaje? Jina langu litaje tu, hapa wananijua.

Waisiko, Kerende.

*

Mama Waisiko, shikamoo.

Barua yako imenikaa kifuani. Sasa niruhusu nikugombeze kidogo, ingawa wewe ni mkubwa wangu.

Rhobi hajakutoroka. Anakuja mchana kweupe, na mwanaume wake, na ameagiza chakula. Mtu anayekukimbia haagizi chakula kwako, mama. Huyo bado ni wako, ila anahama.

Mtoto je? Veronika si ndama wa kuhamishiwa malisho mengine. Hebu iangalie hiyo Jumapili: Rhobi anaingia, anauliza mwanangu yuko wapi, na wewe umeshika sahani. Utamjibu nini? Labda atabaki, sikatai. Atakaa kwenye kile kiti macho yakiwa barabarani, na hatakuita mama tena. Ndicho unachokitamani? Wewe unamtaka yule aliyecheka mpaka akakaa chini, na huyo hafungwi kwa kamba.

Mwambie Nchagwa leo, usingoje Jumamosi. Kunyamaza kwako ndiko kulikompa nguvu. Mwambie ng'ombe ulitoa wewe, na neno la mwisho ni lako. Akileta ubishi, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha ustawi wa jamii wilayani. Mila haimpi mtu ruhusa ya kumficha mtoto asionane na mama yake.

Kosa lako jingine ni lile neno "karibuni". Ulilitamka kama unapokea wageni wa kanisani! Rhobi atajuaje kwamba nyumba itapwaya? Mwambie kwa mdomo wako. Kisha mbele ya Emanuel omba likizo za shule: Veronika azimalizie Kerende. Yeye ni dereva, njia anaijua.

Sasa bilinganya. Kata vipande vya unene wa kidole chako kidogo, nyunyizia chumvi, ziache nusu saa zitoe maji. Zisuuze haraka kisha zikaushe kwa kitambaa safi, zibonyeze mpaka kitambaa kilowe. Hapo ndipo ulipokosea kwanza. Kausha mkate wa jana, uusage uwe chenga. Chovya kila kipande kwenye yai lililopigwa, kigaragaze kwenye chenga, kipake mafuta kidogo. Liache jiko lipate moto kwanza, digrii mia na tisini. Panga vipande safu moja tu, visilaliane, maana vikilaliana vinachemka kwa mvuke wao wenyewe. Baada ya dakika sita au saba geuza, kisha uongeze nyingine kama hizo. Na hotpoti, mama, ni ya ugali! Bilinganya kavu ukiifunika inajitolea jasho. Zitolewe, ziliwe hapo hapo.

*

Wasikilizaji, kwa kuwa Jumapili ilikuwa karibu, majibu haya nilimsomea mama Waisiko kwa simu. Jumatatu akanipigia yeye, na ameniruhusu niseme.

Nchagwa alifika Jumamosi na pikipiki. Mama akasimama mlangoni, kisu cha kukatia mboga mkononi, akasema, "Shemeji, mtoto haondoki hapa mpaka mama yake afike." Nchagwa akaondoka bila kuaga.

Jumapili umeme ulikuwepo. Sahani ya kwanza iliungua pembeni, ya pili ikakaa sawa. Rhobi hakungoja kukaribishwa mezani, alisimama jikoni akala moja kwa moja kutoka kwenye kikapu cha jiko, akiunguza vidole. Mama akamwambia, "Nitakukumbuka mpaka niumwe." Rhobi akaacha kutafuna. "Mama, mbona hukuniambia? Nilidhani umenichoka." Walilia wote wawili, na Emanuel, mtu mwenye busara, akatoka kwenda kuangalia tairi za gari. Likizo zimekubaliwa. Jioni waliondoka na Veronika, begi lake mapajani.

Nikamuuliza, "Na wewe, mama, unaendeleaje?"

Akasema, "Nyumba imekuwa kubwa, dada. Nimeamka nimepika uji wa watu wawili."

Mama Waisiko, hiyo sina dawa yake, na anayekuambia anayo anakudanganya. Uji huo mpe jirani. Rhobi mpigie simu leo, usingoje aanze yeye. Jioni washa jiko, kaanga bilinganya, chukua sahani umpelekee Nchagwa. Atanuna, lakini atakula.