Elia, Nimeitoa Sauti Yako Nyumbani

Elia mdogo wangu,

Nianze na lile linaloniuma, maana habari za kukuuliza hali hazina pa kwenda. Ile kazi yako ya shahada haipo tena sebuleni. Nimeitoa. Nimeitoa mama akiwa amelazwa hospitali, bila kumwambia, na kama unanikasirikia huko uliko, subiri kwanza nikueleze.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakutania. Ulipokuja na habari kwamba umepata nafasi ya uzamili Dar, mama akakuuliza unakwenda kusomea nini, ukasema sanaa, muziki na teknolojia, vyote kwa pamoja. Akasema, "Chagua kimoja, mwanangu, hivyo vingine utavifanya Jumamosi." Tulicheka mpaka chai ikapoa. Mimi nikaongeza kwamba nashona sare za kwaya, naimba soprano na natumia cherehani ya umeme, kwa hiyo shahada hiyo hata mimi ninayo. Ukaniita Profesa Hilda, na wasichana ninaoshona nao sokoni wakalishika jina hilo. Siku hizi nimewaambia waache.

Kisha ukaanza kuturekodi. Kila likizo ulipanda huku Lushoto na kile kinasa sauti chako. Ulimrekodi mama akitwanga, ukarekodi mvua kwenye mabati, ukaenda Mlalo kurekodi bendi ya matarumbeta ya kanisani, mpigaji mmoja mmoja, mpaka wazee wakalalamika kwamba kijana huyu atatuhesabu na meno. Ulikuwa unarudi kutoka huko pikipiki ilipoteleza kwenye tope. Wewe tulikuchukua umefunikwa blanketi. Kinasa sauti kilitoka ndani ya begi kizima, taa yake bado inawaka. Nilitamani kukikanyaga. Bado natamani.

Wenzako wa darasani hawakuja kutupa pole mikono mitupu. Sitaki kuwasema vibaya, hasa Zawadi, yule binti uliyekuwa ukimtaja kila ukipiga simu. Alilia na mama, akakaa na sisi jikoni akimenya viazi mpaka vidole vikamwuma kwa baridi ya maji. Walikuwa wameimalizia kazi yako kwa kufuata michoro uliyoacha, wakaipakia kwenye gari na kutuletea ili itufariji. Ni nzuri, Elia. Sikuwahi kukuambia kwamba kitu chako ni kizuri, basi nakuambia sasa. Yale matarumbeta mabovu uliyopewa na kanisa yamefungwa kwenye fremu ya mkaratusi, yamepakwa rangi za kanga za mama, na kila moja lina spika ndani yake. Mtu akisogea, kile kijicho cha umeme kilichofungwa mbele kinamwona, halafu unasikika wewe mwenyewe: "Sogea. Usiogope. Haya, tatu, nne." Ndipo matarumbeta yanaingia, na kinu cha mama kinagonga chini yake.

Wale vijana hawakujua. Kwetu mtu akifa kitanda chake hutolewa nje, nguo zake zikafungwa mpaka siku ya kuanua matanga zigawiwe, ili aliyebaki asikae anamtafuta. Wao wakatuletea sauti. Na hakuna mzee aliyewakataza, maana nani aliwahi kufikiri kwamba sauti nayo ni ya kufungwa pamoja na nguo?

Mama alisogea. Ukamwambia asiogope. Akakuitika.

Tangu siku hiyo akawa wako. Asubuhi kabla hajanawa uso anakwenda mbele ya yale matarumbeta, anakuamkia kwa Kishambaa, "Onga maundo," anasubiri umjibu, nawe unamwambia tatu, nne. Shambani akaacha kwenda. Plamsi zikaiva, zikaanguka, zikaoza chini ya miti huku watoto wa jirani wakiogopa kuokota. Mjomba Nehemia akaja na ndugu kuanua matanga, sufuria zimeshainjikwa uani, mama akatoka akawauliza, "Mnaanua matanga ya nani? Si huyo ndani anaongea?" Mjomba akanitazama mimi. Ndugu wakala, wakaondoka, na msiba ukabaki palepale.

Halafu zikaja mvua, na unajua umeme wetu wakati wa mvua. Ulikuwa ukikatika katikati ya neno. "Sogea. Usio..." Basi. Mama anapiga yowe kama la siku ile ya kwanza. Mwanzoni majirani walikuja mbio wamejifunga kanga viunoni, wakidhani tumefiwa tena. Baadaye wakazoea, wakawa hawaji. Nilibaki mimi kumshika. Mdogo wangu, nilikuzika mara moja na watu wote, kisha nikawa nakuzika peke yangu kila mawingu yakishuka.

Akaanza kukupakulia. Sahani yako inawekwa pale mbele, yeye anasema atakula ukila. Akahamishia mkeka palepale kwenye sakafu ya saruji, na baridi hii. Alipoanza kukohoa nilimbembeleza, nikamfokea, nikamwita mchungaji. Hakuna kitu. Siku aliyoshindwa kuinuka, mimi na mjomba tulimbeba mpaka kwenye gari, na mlangoni akanishika kidole, akasema, "Msimwache peke yake." Hospitalini wakasema ni mapafu, na kwamba mwili hauna kitu cha kupigana nacho.

Walimu wako walikuwa wameshaomba kazi hiyo irudi chuoni ionyeshwe, wapate kukutunuku shahada yako. Nilikuwa nimewakatalia kwa ajili ya mama. Siku ile nikampigia Zawadi nikamwambia njooni muichukue, njooni kabla hajaruhusiwa.

Wakaja. Kabla hawajachomoa waya nikawaomba watoke nje kidogo, nikasimama mbele yako. Ukaniambia nisogee, nisiogope. Niliogopa, Elia. Zawadi aliporudi ndani akaniuliza kwa upole kama aniwekee sauti yako kwenye simu yangu. Niliitaka. Mungu anajua nilivyoitaka. Nikasema hapana, kwa sababu najua ningemsikilizisha mama siku moja tu akilia sana, na siku hiyo isingekwisha.

Mama akarudi. Akasimama pale kwenye kona, akaangalia alama za miguu ya fremu kwenye sakafu. "Yuko wapi?" Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba umepelekwa chuoni. Nikaona namna atakavyokaa barabarani kila siku kusubiri gari la kukurudisha. Humu ndani tulikuwa tumesema umetutoka, umetangulia, umepumzika. Lile neno lenyewe hakuna aliyewahi kulitamka mbele yake. Nikalitamka mimi.

"Elia amekufa, mama."

Hakupiga yowe. Akasema, "Basi na wewe umekufa." Tangu hapo hajasema nami neno hata moja.

Matanga yameanuliwa. Nguo zako amezigawa mwenyewe, moja moja, akizinusa kwanza. Koti lako zito amempa mjomba, Zawadi amewekewa sweta, hata mwenye pikipiki aliyekubeba siku ile alipewa shati. Mimi nilikaa kwenye mkeka na wengine, mikono imetulia mapajani, nikisubiri. Hakunipa hata leso.

Wamesema jina lako litasomwa kwenye mahafali. Nitakwenda, nitapanda jukwaani kuichukua shahada yako, na wakiwasha kazi yako nitatoka nje ya ukumbi. Hilo nakuahidi. Na nakuahidi lingine lililo gumu zaidi: sitakurudisha humu ndani, hata siku mama akianza tena kusema nami na neno lake la kwanza likawa kuniomba hilo.

Kwaheri, mdogo wangu. Lala. Jana nilimpelekea mama ugali na maharage, akaipokea sahani bila kuniangalia, akanigeuzia mgongo akala. Alikula wote. Nilikaa nyuma yake mpaka mwisho, nikimsikiliza akitafuna.

Dada yako,
Hilda