Krismasi Yetu ya Kwanza Nimeila kwenye Banda la Mbuzi

Shangazi Eustakia, mshauri wetu, shikamoo. Safu yako nimeisoma tangu nikiwa sekondari nikicheka matatizo ya wenzangu, na sasa zamu imenifikia mimi wala sicheki, naomba unisaidie, maana hasira niliyo nayo nikiibeba peke yangu itanipasua.

Mimi naitwa Maduhu, ni mkulima, naishi Keza, wilaya ya Ngara, wazazi wangu ni Wasukuma waliohamia upande wa Biharamulo na ng'ombe wao kabla sijazaliwa, na Oktoba iliyopita nilifunga ndoa kanisani na Yuster, binti wa Kihangaza kutoka Rulenge, ndoa ya heshima, mahari ilitoka yote, hakuna mtu wa kuninyooshea kidole. Nikamjengea nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jipya, vyumba viwili na sebule, mlango mmoja tu kwa sasa maana wa nyuma nilisema nitautoboa baada ya mavuno, na hilo la mlango naomba ulishike kwa sababu ndipo balaa lilipoanzia.

Sasa shangazi, Krismasi ya kwanza ya wanandoa si siku ya mchezo, kila mtu anakuja kuona nyumba mpya inapikaje na bibi harusi anakaribishaje, kwa hiyo mimi nilijipanga, nikanunua mbuzi dume, nikanunua mchele, nikamwalika baba yangu mdogo Ndassa na wazee wenzake wa ukoo kutoka Biharamulo. Mkesha wa sikukuu Yuster akaanza kusema kichwa kinamuuma na mwili una baridi, chakula hataki, hata harufu ya mbuzi hataki, nikamwambia ni mvua hizi na uchovu wa palizi, ajikaze, kesho ni siku yetu. Akaniomba simu ampigie mama yake, nikampa, sikujua kwamba natoa kisu nichinjiwe mwenyewe.

Asubuhi nikachinja, nikachuna, nikaitundika nyama jikoni tayari kwa kupikwa, nikavaa suti yangu ya harusi, Yuster akasema hawezi kutembea mpaka kanisani, nikaenda peke yangu, na aibu ile shangazi usiiombe, kila ninayeshikana naye mkono ananiuliza, "Maduhu, bibi harusi yuko wapi?" na mimi natoa meno tu. Misa ikaisha, tunarudi, mimi mbele, baba mdogo na wazee nyuma, mvua inaanza, tunaingia uani natazama mlangoni kwangu, na nani amekaa pale kizingitini, miguu ameinyoosha, ungo mapajani, anachambua mchele? Mama mkwe!

Wewe ni mtu wa huku, unajua. Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni, hapewi mkono, huli naye, mkikutana njiani mmoja wenu anaingia kwenye majani mpaka mwingine apite, na Wahangaza nao hilo wanalijua, hawezi kusema hakujua, tena sisi ndoa bado mbichi kabisa. Nikafanya kile ambacho mwanamume yeyote aliyelelewa angefanya, nikaziba uso kwa kitabu cha nyimbo, nikaruka pembeni nikaingia banda la mbuzi, na suti yangu. Baba mdogo naye ni mkwe wake, akawageuza wazee wote wakaenda kwa jirani yetu Akimana, mama mmoja ambaye kwao asili ni Burundi, huko wakapewa ndizi na maharage. Maharage, shangazi, siku ya Krismasi, watu waliotoka Biharamulo kwa ajili ya mbuzi wangu!

Mvua ikakolea. Nikadhani atainuka aondoke, haondoki, akitoka kizingitini anakwenda jikoni ambako kunatazamana na mlango, akitoka jikoni anarudi kizingitini, njia nyingine ya kuingia nyumbani kwangu hakuna, na mimi nimesimama kwenye mavi ya mbuzi na viatu vya kung'aa. Akimana akaja ameshika sahani, wali na nyama ya mbuzi wangu mwenyewe, anacheka mpaka machozi yanamtoka, "Maduhu weee, kula, mkweo kapika vizuri!" Nikala kwa sababu njaa haina mila, lakini nilikula kwa uchungu. Halafu akaacha kucheka, akasema, "Mkweo anasema Yuster anachemka mwili, anaongea peke yake maneno hayaeleweki. Utafute pikipiki apelekwe hospitali."

Hapo damu ikanipanda kichwani. Mtu ameingia kwangu bila kualikwa na mwenye nyumba, ameharibu sikukuu yangu, amenifukuzia wageni, halafu ananitumia amri nikiwa bandani kwangu! Nikamwambia Akimana ampelekee jibu kwamba safari za nyumba hii anapanga mwenye nyumba, na mvua ikikatika tutaangalia kesho.

Kumbe yule mama alikuwa amemwambia Nduwayo, dereva wa bodaboda aliyemleta, asiende mbali. Nikaona kwa macho yangu kupitia miti ya banda, wanamtoa mke wangu amefunikwa blanketi letu la harusi, mama mkwe nyuma amemkumbatia, wakapanda mishikaki, watu watatu pikipiki moja, na walipopita mbele ya banda mama mkwe akavuta kitenge akafunika uso akageukia upande wa pili, hata kwaheri hakusema. Wakaenda zao Rulenge.

Mwaka mpya umeingia na mke hajarudi. Yuster hana simu, namba pekee niliyo nayo ni ya mama mkwe, na mama mkwe hapigiwi. Najua ni mzima tu, maana habari mbaya haijifichi. Baba mdogo Ndassa amenikataza kukanyaga Rulenge, anasema, "Mahari ulitoa wewe au walitoa wao? Tulia hapo hapo. Watamleta wenyewe, na mbuzi wa kukuomba radhi juu." Na kijiweni sasa wananiita Bwana Banda. Naomba ushauri wako: ningoje mpaka wamlete, na huyo mbuzi wa radhi niwadai au niwasamehe? Au nipeleke malalamiko kwa paroko aliyetufungisha ndoa ili huyu mama aonywe?

Maduhu, Keza.

SHANGAZI EUSTAKIA ANAJIBU

Maduhu, marahaba. Barua yako nilianza kuisoma nimekaa, nikaimaliza nimesimama. Mezani kwangu kuna barua zinazongoja zamu tangu Novemba. Zote nimezipita nikaanza na yako.

Kwanza pole, kwa sababu pole ni haki yako. Kijana aliyejenga, akachinja, akavaa suti, kuishia kusimama na mbuzi huku wageni wake wanakula maharage kwa jirani, hiyo ni sikukuu chungu. Na hao wa kijiweni wanaokucheka kwa kuwaheshimu wakwe, waache na ujinga wao. Mimi ni mzaliwa wa Biharamulo. Mume wangu na marehemu mama yangu waliongea miaka yote kupitia ukuta wa jiko, mmoja ndani mmoja nje, na waliheshimiana kuliko wakwe wengi wa siku hizi wanaokumbatiana ili wapigwe picha. Kwa hiyo usitegemee nikuambie mila yenu ni ushamba. Sitasema hivyo.

Pole imeishia hapo.

Mke anakuambia ana baridi, kichwa kinamuuma, chakula hakipiti, na wewe unamwambia ajikaze? Asubuhi hawezi kutembea mpaka kanisani, na wewe unamtundikia mbuzi mzima jikoni ampike, unavaa tai, unaondoka? Halafu kilichokuuma huko kanisani si kwamba umemwacha mgonjwa peke yake. Kilichokuuma ni kwamba watu walikuuliza alipo! Aibu, Maduhu.

Unasema mama mkwe alikuja kukuharibia sikukuu. Sikukuu yake yeye nani aliitazama? Mwanawe alimpigia anaumwa, akaacha sufuria zake Rulenge, akapanda pikipiki kwenye matope, akafika kwako akakuta mgonjwa kitandani, nyama inaning'inia, na mwenye nyumba yuko kwenye nyimbo. Mama mwingine angekusema mpaka watu wa kijiji cha pili wasikie. Huyu alijifunga kitenge akawapikia wageni wako. Na alikaa kizingitini kwa sababu pale ndipo anaposikia mwanawe akiita kutoka ndani huku anaona moto wa jikoni. Wewe mwenyewe ndiye uliyejenga nyumba ya mlango mmoja. Alitaka akae wapi, juu ya bati? Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwako mgeni amekuja, na mwenye nyumba anamdai mbuzi.

Sasa nikuambie nilisimama nilipofika wapi. Nilifika pale kwenye kitenge. Umeniandikia kama ushahidi wa dharau kwamba alifunika uso na hakukuaga. Wewe kijana! Mama ameshika mwanawe anayeweweseka, mvua inawapiga, pikipiki inateleza, na bado akakumbuka kwamba mkwe wake yuko nyuma ya ile miti na haifai watazamane. Akajifunika ili kukutunzia heshima yako. Siku ile aliyeshika mila pale nyumbani alikuwa yeye. Wewe uliishika mpaka ilipokuhitaji ulowane kidogo, ukaiacha.

Maana mila hiyo ina njia zake, na unazijua. Mtu hugeuza mgongo akasema. Mtu hutuma jirani. Na jirani alikuwa amesimama mbele yako na sahani! Ungemwambia Akimana, "Mwambie nimesikia, pikipiki inakuja," hakuna mila ambayo ingevunjika. Mjumbe ulikuwa naye, ukampa jeuri apeleke.

Baba yako mdogo mpe shikamoo yake, mpe kiti, mpe nyama ya paja, lakini habari za mgonjwa usimwulize tena. Mahari humfanya mtu awe mke wako, haimfanyi asiumwe. Na kwa paroko nakushauri usiende kushitaki, kwa sababu ataanza kukukumbusha ulichokiapa Oktoba, katika taabu na raha, katika magonjwa na afya, na sijui utamjibu nini. Picha za harusi hata hazijaanza kupauka.

Eti habari mbaya haijifichi. Nani amekuficha? Namba unayo. Ni wewe uliyeamua kutokujua, kisha ukajiambia kutokujua ni dalili njema.

Ukimaliza kusoma mstari huu nenda kwa Akimana, mpe simu. Yeye hana ukwe na mtu yeyote kule, anaweza kumpigia mama mkwe wako bila dhambi. Aulize Yuster yuko nyumbani au yuko wodini, na wewe kaa karibu usikilize. Kisha mtafute Nduwayo, njia anaijua, muende leo, si baada ya mvua kukatika. Suti iache. Mwombe Akimana naye aje, au mtu mzima mwingine wa kukusemea. Usiende mikono mitupu, beba maziwa, beba ndizi, beba nguo za mgonjwa. Mkifika, simama nje, geuza mgongo kama ulivyofundishwa, na mjumbe wako aseme kwa niaba yako mbele ya watu wa nyumba ile: "Mkwe wenu anashukuru kwamba mlimbeba mke wake siku ambayo yeye hakumbeba. Kosa ni lake." Usiongeze hadithi ya maharage. Wakikutoza kitu, toa. Wakinyamaza, nyamaza nao, lakini usiondoke.

Kama Yuster amelazwa, anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda chake ni wewe, mama wa watu akapumzike. Akiruhusiwa, msikilize muuguzi kwa masikio yako mwenyewe. Huenda ni malaria, huenda ni mimba, maana binti aliyeolewa Oktoba akianza kukataa harufu ya nyama wanawake tunatazamana, na huenda ni vyote viwili kwa pamoja, jambo ambalo si la kuambiwa ajikaze. Mimi si daktari, na wewe pia si daktari, ingawa siku ile ulijifanya. Na usimrudishe Keza mpaka yeye mwenyewe aseme yuko tayari. Akitaka kukaa kwao mpaka apate nguvu, wewe ndiye utakayekuwa unasafiri.

Nimalizie na jambo moja ambalo limeninyima usingizi tangu nilipoipata barua hii. Umeniuliza habari za mbuzi. Umeniuliza habari za radhi. Umeniuliza habari za paroko. Nimeipitia barua yako yote kutafuta mahali ulipoandika, "Mke wangu anaendeleaje?" Hakuna. Na swali hilo mimi huku gazetini siwezi kukujibu. Nenda Rulenge ukamwulize mwenyewe, na uombe Mungu umkute wa kukujibu.