Foto ya kichwa ya Numbi

Lubumbashi, 6 Juni 1975

Mudogo wangu Nkandu,

Jambo sana. Miye niko muzima. Na weye na ule mutoto wa mugongo, munalala muzuri?

Jua hivi: hapa hôpital, hakuna munganga anayewasha mashini ya kupiga foto ya ndani ya mwili bila kuniangalia kwanza usoni. Hata directeur akiniona anasimama: "Citoyen Kalenga!" Lakini bale banganga, bajinga bote. Balipiga foto ya kichwa ya binti yako, ikatoka kama moshi ya makala. Eti Numbi alitikisika. Munganga mukubwa wa kifafa, mwenye anarudia Kinshasa kisha juma mbili, anasema bila foto wazi hatajua pa kupasua. Anataka muntu wa jamaa amushike kichwa. Nikamwambia: mikono ni hii, yenye ilisimamisha gari-moshi kule Sakania!

Yaya wako,
Kalenga

Kasenga, 9 Juni

Yaya,

Salamu. Tuko bazima, kaka yangu, ila mutoto iko na homa, ndiyo maana siwezi kuja.

Mikono gani? Ile yenye inamuwekea Numbi sahani yake inje? Akianguka, unapanda juu ya kitanda, eti mate yake itakuambukiza. Gari-moshi! Hata kuku inakushinda kushika. Niambie neno moja tu: foto iko wazi?

Mudogo wako,
Nkandu

Lubumbashi, 13 Juni

Mudogo wangu,

Homa imeisha? Hapa tuko muzuri.

Foto ya pili iko mubaya kupita ya kwanza. Kosa ni ya mashini, inakohoa kama muzee. Na munganga yule na vitabu vyake! Mupiga foto wa soko anamushinda mbali. Nilimushauri apake film mafuta, akacheka. Mupumbavu.

Yaya wako,
Kalenga

Kasenga, 16 Juni

Kalenga,

Leo sikusalimii. Mama Albertine, muuza samaki, alimuona Numbi huko. Numbi alimwambia: "Midomo yangu ilianza tu kutetemeka, Mujomba akaniachilia kichwa, akakimbia mpaka ku mulango."

Munganga anaenda Ijumaa. Binti yangu alisha kuanguka ndani ya moto mara moja. Ya pili sitaki kuiona. Mushike, muoga weye, ao usiniite tena mudogo wako.

Nkandu

Lubumbashi, 19 Juni

Mudogo wangu,

Salamu nyingi. Numbi iko muzima, anakula.

Foto imetoka! Kuna alama ndogo kama mbegu ya muhindi, upande wa kushoto. Munganga atabakia, atamupasua Jumatatu. Bote balinipigia mikono, hata bagonjwa benye kungojea ku couloir, inje ya chumba. Balitaka kunipa blouse nyeupe ya banganga, nikakataa.

Midomo yake ilianza tena kutetemeka. Mate ikanishuka mpaka ku kiko ya mukono. Sikumuachilia. Akatulia, bakapiga.

Usimwambie muntu: muntu wa kifafa anaweza kujikojolea, lakini pale ku mashini mwenye kujikojolea haikuwa Numbi. Ilikuwa miye. Akanifunga kitenge chake ku kiuno, tukatoka.

Yaya wako,
Kalenga