Blangeti la Mke Mwenzangu

Mjukuu wangu Nassor,

Wengi wetu tunaotoka Maskati hukosea jambo moja tukifika kwenye baridi: tunatia maji matupu kwenye rejeta ya gari, kama tulivyozoea huku kwenye joto. Nashukuru umeniuliza mapema juu ya gari lako huko kwenye baridi. Sisi hapa Bawshar wazima. Mama yako anakusalimu, na babu yako yuko nje anaosha gari.

Alikuwa hivyo hivyo tulipokuwa tukisoma Ujerumani. Gari lake la kwanza nililiita mke mwenzangu, na sikuwa natania. Theluji ya mwanzo ilipoanguka, alichukua blangeti letu la sufu akaenda kulifunika gari.

"Na mimi je?" nikamuuliza.

"Wewe una koti. Yeye maskini hana."

Nikalala na koti langu na wivu wangu. Asubuhi rejeta ilikuwa imepasuka. Maji yakiganda hutanuka, na blangeti halitengenezi joto, hulinda tu lililopo. Gari lililozimwa halikuwa na joto la kulindwa. Mimi nilikuwa nalo.

Babu yako alilitazama gari, akanitazama mimi ninavyotetemeka, akalivua blangeti akanifunika. Lakini wivu haukunitoka. Hata sasa namsikia kutoka dirishani akilisemesha gari lake.

Mwambie fundi akutilie maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda. Mkeo Salma ameniambia kwa simu unalifunika gari kwa kitu gani. Leo hii mrudishie blangeti lake.

Bibi yako